Kuku Huzeeka Ganda

Ng'ombe hazeeki maini, sawa.
Kuku huzeeka ganda.
Yai la Gyda, mwaka wake wa saba,
ni kubwa kuliko la ujana wake, na kaka lake
lina vichunjua kama ngozi ya magoti yangu;
ukiliinua dirishani unaviona vitundu
ambamo maji yatatorokea.

Mwezi wa pili kicheche alipita chini ya mlango.
Matetea kumi na mmoja, asubuhi moja.
Gyda alikuwa juu ya boriti, hakushuka hadi mchana.
Ingvild akapiga simu kutoka Stavanger: Mama,
nunua vifaranga, siku hizi vinakuja kwa boksi.
Nikamwambia ndiyo.
Nikakata simu, nikatafuta penseli.

Jaribio la kwanza limo daftarini:
mayai tisa, wiki tatu kuyakusanya,
manane viza. La tisa likatoboka,
ukatokeza mdomo, ukasema neno moja,
kifaranga kikakauka ndani ya utando
kama barua ndani ya bahasha.

Basi nikaanza na jogoo. Wetu alikuwa mzito,
kila akipanda anateleza, anajifanya alikuwa akipita tu.
Sigbjørn wa Nærbø akaniazima kijana wa miezi minane
kwa gunia la viazi.
Nikampunguza Gyda manyoya ya nyuma
kwa mkasi wangu wa kushonea.
Alinitazama kwa jicho moja,
kama bibi wa heshima mbele ya daktari mgeni.

Kisha chakula: shayiri iliyochipua,
vichwa vya heringi, majani ya kabichi,
maganda ya kome niliyookota ufukweni Orre
na kuyaponda kwa nyundo kwenye ngazi,
upepo ukinirudishia unga machoni.

Hesabu ndiyo iliyonitesa.
Anataga mayai manne kwa wiki, akifurahi.
Nikingoja yatimie dazeni, la kwanza
litakuwa limechoka kabla ya kuanza.
Nikasema: siku saba, basi.
Yakapatikana manne.
Moja lilikuwa kubwa mno, ncha zote mbili sawa,
hujui kichwa kikae wapi. Nikalikaanga.

Matatu yakalala stoo ya chini, pamoja na viazi,
ncha nyembamba chini, nikiyainamisha huku asubuhi
na huku jioni. Sikuyaosha, hata lile lenye tope.

Mashine iko bafuni. Kijitabu chake
kiliandikwa na mtu mwenye kuku wachanga.
Nikaongeza sponji ya pili yenye maji,
nikayapima mayai kwa mizani ya hamira:
gramu moja kwa siku mbili, yapungue hivyo,
yasipungue zaidi.

Siku ya saba, taa zimezimwa, tochi chini ya taulo:
moja tupu, njano tu, nyumba isiyo na mtu.
Mawili yana mishipa.
Nilikaa kimya kidogo kwenye sakafu ya baridi.

Siku ya kumi na nane niliacha kuyageuza.
Ya ishirini na moja, hakuna kitu.
Ingvild alipiga simu, sikupokea;
nilikuwa juu ya kifuniko cha choo, nafuma soksi.
Ya ishirini na mbili, saa tisa usiku, ufa.
Lile la pili nililisikiliza siku mbili zaidi,
sikio kwenye ganda, kisha nikalizika kwenye mawaridi.

Mmoja, basi. Ana mistari myeusi mgongoni,
na kwa kuku wa Jæren hiyo husomwa siku ileile:
jike.

Nikampelekea Gyda. Akamdonoa mara moja,
akageukia mambo yake.
Kifaranga akalia chini ya taa usiku kucha
hadi nikampigia Ingvild mwenyewe.
Jumamosi akaja na boksi: vinne, vya dukani,
vya manjano, havina ukoo wowote,
vikalala vimemzunguka.

Daftarini: *mwakani, sponji tatu.*
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
*akiwapo.*